Ulimi wa Pili

Jeconia Opiyo alimtangulia pacha wake kuzaliwa kwa muda wa chai kuchemka, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumtangulia mtu yeyote katika jambo lolote. Nyumbani kwao Gem, Ujaluoni, mtoto hakutia mkono kwenye chakula kabla ya wakubwa. Babu alimega ugali, akachovya, akatafuna polepole kama hakimu anayesikiliza mashahidi, na watu wote waliozunguka bakuli wakawa wanamsoma usoni. Uso ukilegea, nyama ni tamu. Ukikunjamana, mama fulani atalala na hasira. Siku moja ililetwa nyama iliyokwisha kuharibika, na kila mwenye pua alijua, lakini aliyeileta alikuwa mkwe ambaye babu hakutaka kumuudhi. Babu akasema ni tamu. Basi wote wakala, wote wakasema ni tamu, na wote wakaumwa tumbo kwa adabu.

Jeconia alikua akijua kwamba hayo ndiyo malezi mema, wala hakukosea. Shida ni kwamba hakuna aliyemwambia yanakomea wapi.

Mwaka wa hamsini na saba alikuwa Makerere akisoma kilimo, amebakiza mwaka mmoja. Alitaka kwenda Uingereza kusomea shahada ya juu, na hakuficha. Kule kwao Gem mama yake alikwisha kumwombea koti la baridi kanisani. Mwalimu wake akamwita akamweleza kwamba kufaulu mitihani ni jambo zuri, ila mtihani huonyesha tu kwamba umeyashika yaliyogunduliwa na wengine. Wale wa kule watataka kusikia kutoka kwa mtu aliyekuona ukifanya utafiti kwa mikono yako, ukiuliza swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Akamshauri aitumie likizo ndefu kutafuta mtu wa namna hiyo. Bila barua ya mtu huyo, alisema, maombi yatarudi kama yalivyokwenda, labda yakiwa na stempu nzuri zaidi.

Hivyo ndivyo Jeconia alivyofika kwenye maabara moja ndogo ya kahawa nje ya Ruiru, ambayo siku hizi haipo tena. Siku za kazi alilala katika nyumba za wafanyakazi. Jumamosi alipanda treni kwenda Thika kwa kaka yake mkubwa Nicanor, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kutia mananasi mikebeni na ambaye shati lake lilinukia nananasi hata siku ya kipaimara. Ilikuwa bado Hali ya Hatari, amri ya wakoloni dhidi ya uasi wa Wakikuyu. Mkikuyu alitembea na pasi mfukoni na kibali juu ya pasi. Mjaluo mwenye tai aliulizwa tu anakwenda wapi, na mara nyingi jibu lenyewe halikungojwa.

Swali la utafiti lilikuwa rahisi kulitamka: je, nyasi zikitandazwa chini ya mikahawa kulinda unyevu, ladha ya kahawa hubadilika? Mikahawa ilikuwa shambani, nyasi zilikuwa chini yake, kahawa ilichumwa, ikaoshwa, ikakaushwa, ikakaangwa. Kilichobaki ni kuionja. Na aliyeonja alikuwa Bwana Hallam.

Hallam alikuwa Mwingereza mrefu, mkavu, mwenye masharubu aliyoyapunguza kila Jumatatu ili yasiingie kwenye kijiko. Wafanyakazi walimwita Kanua, neno ambalo kwa Kikuyu ni mdomo tu, na kwa kweli mwili wake mwingine ulionekana kama umepewa kazi ya kuubeba mdomo huo. Katika chumba chake palikuwa na meza ya mviringo inayozunguka, na juu yake vikombe vimepangwa, kila kimoja na namba badala ya jina. Pembeni kulikuwa na chombo kirefu cha shaba cha kutemea. Kazi ilikuwa kuchota kijiko, kuvuta kahawa kwa kelele kama maji yanayoishia shimoni, kuizungusha mdomoni, kuitema, kuandika alama kwenye kadi, kuikunja kadi na kuitia katika mkebe. Hakuna kusema. Hakuna kutazamana.

Siku ya kwanza Hallam alimweleza kwa nini amemkubali. Alikuwa ameonja peke yake kwa miaka, akasema, na hiyo haikuwa sayansi.

"Ulimi mmoja ni maoni," alisema. "Ndimi mbili ambazo hazijaambiana kitu, zikikubaliana, hapo ndipo tunaanza kujua jambo. Wewe ndiwe ulimi wa pili."

Ulimi wa pili ulikuwa umekunywa kahawa mara mbili maishani. Kwao walikunywa chai, na kahawa aliyoipata Makerere ilimkumbusha sufuria iliyoungua ikatiwa sukari kwa kuonewa huruma. Isitoshe, kutema chakula mbele ya mtu mzima lilikuwa jambo ambalo mwili wake ulilikataa bila kumshauri. Siku hiyo ya kwanza alimeza kila kijiko, na jioni alionekana akizunguka kitalu cha miche kwa mwendo wa mtu mwenye kesi mahakamani. Kesho yake alijifunza kutema, lakini kwa kugeuka pembeni na kujifunika mdomo. Hallam alimwambia hapa si kanisani.

Kadi zake za mwanzo zilikuwa za kubahatisha, naye alizijaza kwa uaminifu. Hallam alizikunjua, akazilinganisha na zake, hakusema kitu. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Jeconia alikijua kimya kile. Alipokuwa mtoto kilikuwa kikimkuta kila alipokosea wimbo kanisani. Akaiona barua yake ikimpungia mkono wa kwaheri.

Hakukaa akapanga kudanganya. Kama angepanga, pengine angeogopa. Ilitokea tu kwamba mbele yao, ng'ambo ya meza, kulikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kioo Hallam alionekana mzima, kuanzia nywele mpaka kijiko. Jeconia hakumtazama Hallam, maana ilikatazwa. Alitazama kabati. Na uso wa mtu mzima anayeonja ndicho kitabu pekee alichokuwa ameanza kukisoma kabla ya alfabeti. Nyusi ya kushoto ikipanda, kahawa ina uchachu mzuri. Midomo ikijikusanya, ina uzito. Hallam akipendezwa aliinuka kidogo juu ya vidole vya miguu, na akichukizwa alikishika kijiko mbali naye, kama cha mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Baada ya siku chache kadi zilianza kupatana. Hallam akafurahi kama mtu aliyepata jirani. Wageni walipokuja aliwaonyesha Jeconia na kuwaambia kijana huyu alizaliwa na ulimi, na wageni wakamtazama Jeconia mdomoni. Naye alikuwa mwangalifu: hapa alipunguza alama moja, pale akaongeza moja, ili mapatano yasizidi kiasi. Hapo ndipo neno malezi lilipoacha kumtosha. Mwenye kufuata wakubwa kwa adabu tu hakumbuki kuweka tofauti.

Jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba ulimi wake ulikuwa ukijifunza. Kuonja kila siku ni kuonja kila siku, hata kama macho yako kabatini. Kufika Juni, zao la mapema lilipoanza kuingia, aliweza kuijua kahawa iliyochumwa mbichi na ile iliyokauka juani haraka mno kabla Hallam hajainua nyusi. Hilo lilimtia wasiwasi kuliko lilivyomfurahisha. Mwanzo mdomo wake haukuwa na maoni yoyote, na mambo yalikwenda vizuri. Sasa ulikuwa na maoni mawili, na moja lilikuwa lake.

Wakati huo ndipo alipokutana na Gerishon Kagwe.

Gerishon alikuwa ameacha ualimu wa shule ya misheni akawa mkulima na mwenyekiti wa wakulima wadogo wa mgongo mmoja wa kilima huko Gatanga, ng'ambo ya Thika. Hao walikuwa miongoni mwa wa mwanzo upande ule kuruhusiwa kupanda kahawa, kila mtu kamstari kake, na mwaka huo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miti yao kuzaa ya kutosha. Walikuwa wamejijengea fakitori kando ya bonde: mashine ya kumenya inayozungushwa kwa mkono, mifereji ya kuoshea, meza za waya za kuanikia. Bwana shamba wa wilaya alikwisha kuwaambia mambo yatakavyokuwa. Kahawa ikionjwa ikaonekana nzuri, kibali cha kuongeza miche kitatoka. Isipokuwa nzuri, wangoje, na hakusema wangoje nini.

Alileta sampuli yake Ruiru kwa baiskeli, akiwa na kibali cha kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ilikuwa ndani ya kifuko ambacho mkewe Wakonyo alikishona kutokana na mkono mmoja wa gauni lake la kanisani, kwa sababu alisema magunia yana harufu. Hallam aliichukua, akamwachia karani kuipa namba, akakitundika kifuko na kahawa iliyobaki kwenye msumari. Ingeonjwa katikati ya nyingine, na hakuna ambaye angejua ni ipi mpaka alama zitoke.

Kabla ya kurudi, Gerishon alimkuta Jeconia katika hoteli ya chai karibu na stesheni, akamnunulia chai na mandazi mawili. Alikuwa amevua kofia. Alizunguka kwanza, akauliza mvua ya Gem, akauliza kama Makerere wanafunzi hupewa nyama. Kisha akaja kwenye lake. Alisema zamani wakidai kahawa yao ni nzuri wanaambiwa mwenye mali hashuhudii mali yake. Lakini watu wamesikia, hata kule kijijini walikofungiwa na seng'enge, kwamba kwa Kanua kuna Mwafrika anayeonja.

"Sikuombi unipendelee, mwalimu," alisema. "Ukikuta ni mbaya, sema ni mbaya. Nataka tu iwe ni wewe umesema."

Jeconia alimwambia asiwe na shaka. Alikula mandazi yote mawili.

Mwaka ule kulikuwa na homa iliyopita nchi nzima ikihesabu watu. Nusu ya wafanyakazi walilala. Wachumaji walikohoa kutoka mstari hadi mstari. Siku ya kuonja zao la mapema, Hallam aliingia macho mekundu, skafu shingoni, na chumba kikajaa harufu ya dawa ya kuchua kifua. Huyu ndiye aliyemrudisha Jeconia wiki ya kwanza akaoge upya kwa sababu sabuni yake ilikuwa na manukato. Sasa yeye mwenyewe alinukia kama mti wa mkaratusi uliovaa suti. Alijifuta pua, akakunja kitambaa, akachukua kijiko, na kwa namna alivyokichukua ilikuwa wazi kwamba hatapenda kuulizwa. Jeconia hakuuliza. Mtu mzima haambiwi kwamba pua yake imeziba. Atakuwa ameliona mwenyewe.

Meza ikazunguka. Vikombe vya mwanzo vilikuwa vya kawaida, na uso katika kioo ulikuwa wa kawaida, ingawa ulichelewa kidogo, kama barua iliyopitia ofisi nyingine. Kisha kikaja kikombe kimoja karibu na mwisho wa duara. Jeconia akavuta kijiko, na ulimi wake ukasimama.

Palikuwa na utamu wa pingili ya chini ya muwa, ile ambayo watoto hupigania. Nyuma yake ukaja uchachu safi, wa chungwa lililochumwa sasa hivi, na baada ya kutema bado kitu fulani kilibaki mdomoni kikikataa kuondoka. Alichota mara ya pili, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Kilikuwa kilekile. Katika likizo yote ile hiyo ndiyo kahawa ya kwanza aliyotaka kuimeza. Kama angeulizwa hapo hapo, kwa lugha yoyote aliyoijua, angesema ndiyo bora mezani.

Hakuulizwa. Akatazama kabati.

Hallam alikuwa amekishika kijiko mbali naye. Midomo ilikuwa imeshuka pembeni, na juu ya mabega yake kulikuwa na uchovu ambao Jeconia, akiwa mtu mwenye akili timamu, angeweza kujua ni wa homa. Alijua. Alisimama na kalamu juu ya kadi, ndani ya mdomo chungwa na muwa, ndani ya kioo kijiko kilichotengwa. Kisha akaandika neno ambalo Hallam hulitumia kwa kahawa iliyooshwa ovyo: uvundo. Na ili asionekane ameiga, akatoa alama moja chini ya ile aliyofikiri Hallam ataitoa.

Akakunja kadi, akaitia mkebeni. Haikutoa sauti yoyote.

Wiki iliyofuata namba zilifunguliwa, na kikombe kile kikawa cha Gatanga. Jibu lililokwenda kwa bwana shamba lilikuwa fupi: uvundo, waonjaji wote wawili wamekubaliana, yaelekea haikuoshwa vya kutosha. Kibali cha miche kikakaa ofisini.

Gerishon alikuja mara tu alipopata ruhusa ya kutoka kijijini. Hakuingia ndani. Alimwita Jeconia langoni, akaiegemeza baiskeli kwenye ua, akavua kofia, na Jeconia alitamani asingeivua.

"Mwalimu, nimeambiwa," alisema. "Ulionja wewe mwenyewe?"

"Nilionja."

"Na huo uvundo uliusikia?"

Wakati ule kila kitu kilikuwa bado kinaweza kurudishwa. Sampuli ilibaki ndani. Kifuko kilikuwa msumarini. Jeconia alikuwa na majibu mawili mdomoni, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo, na uso uliokuwa mbele yake haukumwonyesha lipi linatakiwa. Ulikuwa unangoja tu.

"Niliusikia, mzee."

Gerishon aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea habari za msiba wa mbali.

"Basi ni kweli," alisema. "Angekuwa ni Kanua peke yake, ningebishana naye hata kwa DC. Lakini mtu wetu akisema, nitabishana na nani? Ni kazi yetu ilikuwa mbaya."

Akamweleza watakavyofanya. Wataosha mara mbili badala ya moja. Mfereji hauna maji ya kutosha kwa hiyo, kwa hivyo wanawake watateka mtoni na kupanda nayo mgongoni, baada ya ile kazi ya lazima ya kuchimba matuta ambayo wanaitiwa kwa filimbi kila asubuhi. Wamekubali. Hawakulalamika hata kidogo, alisema, maana aibu ni yao. Kisha akatazama kofia yake ndani.

"Wakonyo ameniambia nikuombe radhi. Yeye ndiye alichambua ile sampuli. Anasema amekuaibisha mbele ya mkubwa wako."

Jeconia alisema si kitu. Hilo ndilo neno alilolipata. Gerishon akavaa kofia, akapanda baiskeli, akageuka mara moja kumpungia, na Jeconia akapunga pia, kwa mkono uleule uliojaza kadi.

Mchana huo alitembea katikati ya mikahawa akipanga sentensi ya kukiri. Ilikuwa sentensi moja ya Kiingereza, haina neno la ziada, na aliirudia mpaka mchumaji mmoja akamuuliza mwenzake kama Mjaluo yule naye ameshikwa na homa. Akaenda akabisha mlango wa Hallam.

"Bwana, kuhusu ile sampuli ya Gatanga," alianza.

"Ah, hiyo," Hallam alisema, akainuka juu ya vidole vya miguu. "Nilitaka kukushukuru kwa hiyo. Kaa."

Hakukaa. Hallam akaendelea kwa furaha ya mtu ambaye pua yake imefunguka. Alisema siku ile alikuwa kama kipofu. Hakusikia harufu hata ya dawa aliyojipaka. Vikombe vya mwishomwisho aliviandika kwa kukisia tu, na hicho kilikuwa kimojawapo.

"Nilikuwa nimeishika kadi yangu niitie motoni," alisema, "tuirudie meza nzima wiki inayofuata. Halafu nikafungua yako. Ukawa umesema lile lile, tena kwa ukali kunizidi. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na ulimi wa pili, Opiyo. Mmoja ukifa, mwingine unashuhudia."

Juu ya meza kulikuwa na bahasha. Hallam aliisukuma mbele. Alisema amemaliza kuandika asubuhi, na hakuandika sifa za bure: ameeleza kazi waliyoifanya na jinsi kijana alivyoifanya, na ameweka wazi jambo moja ambalo kwa mtafiti ni kubwa kuliko alama, yaani kwamba katika kuamua hamwegemei mtu.

Nyuma yake, kando ya kabati la vioo, kifuko cha Wakonyo kilining'inia msumarini. Kitambaa kilikuwa cha bluu na vidoa vyeupe, na ulionekana mshono wa pale kilipokuwa kiwiko. Ndani yake kahawa ilikuwa bado ipo, ya kutosha kuonjwa tena siku hiyohiyo. Sentensi ya Jeconia nayo ilikuwapo, tayari, haikupungua neno. Hallam alikuwa akimtazama kwa wema, uso wake umelegea kabisa.

"Asante, bwana," Jeconia alisema, akachukua bahasha kwa mikono miwili.

Thika walichinja kuku. Nicanor alikuwa amemwalika Kiilu, Mkamba wa nyumba ya pili aliyefanya naye kazi kwenye mashine ya kufunga mikebe, na kwa ajili yake barua ilitakiwa isomwe kwa Kiswahili. Jeconia aliisoma akitafsiri. Alipofika kwenye lile la kutoegemea mtu akajaribu kulipita, lakini Nicanor, ambaye hakusoma Kiingereza ila alijua kuhesabu mistari, alimwambia ameruka mmoja. Akarudi, akausoma. Kiilu alisema Mzungu haandiki hivyo kwa bure. Nicanor alifuta macho kwa ile mikono ya nananasi, ikamwasha, na hivyo akapata sababu ya kuyafuta tena.

Kuku akaletwa na mke wa Nicanor, Perez, ambaye alirudi jikoni kusonga ugali wa mwisho. Kwa haki Nicanor ndiye mkubwa, ndiye wa kuonja kwanza. Lakini alichagua firigisi, akaiweka mbele ya mdogo wake.

"Leo anza wewe," alisema. "Wewe ndiwe mwonjaji wa serikali."

Jeconia akachovya, akala. Watu wakamtazama usoni. Ulikuwa mchuzi mzuri wenye nyanya na kitunguu, na haukuwa na chumvi hata chembe.

"Tamu," alisema.

Nicanor akaonja, akaonja tena, akasema ni tamu sana. Kiilu akasema kule kwao Machakos hajawahi kula mtamu hivi. Wakaendelea kula kwa bidii ya watu wanaobeba mawe. Perez alikuja na ugali, akaketi, akachovya tonge lake, akatafuna mara moja tu.

"Nyinyi mko sawa?" aliuliza. "Hii haina chumvi."

Kiilu alimtazama Nicanor. Nicanor akamtazama Jeconia, akasema msomi ameonja wa kwanza akasema ni tamu, sasa yeye ni nani wa kumpinga mtu wa Makerere. Perez akacheka mpaka akashika kifua, akawaambia wanaume watatu wazima wangekufa kwa sumu mezani pake wakimsifu. Kisha akamgeukia Jeconia, bado akicheka, lakini kwa sauti ya kumtoa mtu aibu.

"Shemeji, ungesema tu. Mimi nisingelia. Chumvi si iko pale?"

Ilikuwa pale kweli, kwenye rafu, katika mkebe wa mananasi. Ikaletwa, ikatiwa, kuku akawa mtamu, na kila mmoja akala, isipokuwa Jeconia aliyesema ameshiba.

Jumatatu alipanda treni ya kumrudisha Nairobi na kutoka hapo Kampala, bahasha ndani ya koti, koti limefungwa vifungo ingawa kulikuwa na joto. Huko mbele iliyomngoja ilikuwa njia ileile aliyoitaka, na kwa kweli aliifuata: mwaka uliofuata alivaa koti la mama yake kwenye sitima, na baadaye jina lake likapata herufi za usomi mbele na nyuma. Lakini siku hiyo treni ilisimama Ruiru, ikakaa. Kulikuwa na mizigo ya kupakia. Kutoka stesheni mpaka maabara ni mwendo wa kutembea tu, na alikuwa na wakati. Aliona behewa la mizigo likiwa bado wazi, wapakiaji wakigombana kwa utani juu ya gunia. Aliirudia ile sentensi moja ya Kiingereza. Ilikuwa nzima.

Dirishani abiria waliona wanawake wakipanda kutoka bondeni, madebe ya maji mgongoni, kamba paji la uso, wameinama kiasi kwamba hawakuweza kuitazama treni. Mama mmoja aliyeketi mkabala naye alisema maji ya huku yako mbali. Jeconia akasema ndiyo. Hawakuwa wanawake wa Gerishon. Gatanga iko upande mwingine, mbali na reli. Hilo alilijua vizuri, na halikumsaidia.

Filimbi ikapigwa. Akabaki ameketi, mkono juu ya kifungo cha koti, mpaka jina la stesheni likapita dirishani na kuisha.